Muzee wa Mulima: mwalimu kilema aliyeogopwa na wafalme

Vijana wenyi kucheza muchezo wa video Assassin's Creed, uliotoka mwezi wa 11 mwaka 2007, wanamujua muzee mumoja mwenyi ndevu za mvi anayeitwa Al Mualim. Anakaa juu ya ngome ya Masyaf, anamutuma kijana Altaïr aende kuua wakubwa kule Damascus, Acre na Yerusalema, na mwisho anauawa na mwanafunzi wake huyo huyo. Altaïr ni mutu wa kubuniwa. Masyaf ni muji wa kweli, uko Siria hadi leo. Na yule muzee amechorwa kwa kumufuata mutu aliyeishi kweli: Rashid ad-Din Sinan.

Jina la Al Mualim ni neno la Kiarabu, ndilo lile lile lililotupatia mwalimu. Na kweli Sinan alikuwa mwalimu wa watoto. Alizaliwa karibu na Basra, Irak ya leo, miaka ya 1130 hivi. Akiwa kijana aliingia kwa Waismailia, tawi moja la Waislamu wa Shia, akaenda hadi Alamut, ngome yao kubwa kwenyi milima ya Uajemi. Huko alisoma pamoja na Hasan, mutoto wa kiongozi. Mwaka 1162 Hasan alipokamata uongozi, alimutuma mwenzake Siria.

Sinan hakufika kwa kelele. Inasimuliwa kwamba alikaa kwenyi ngome ya Kahf akifundisha watoto na kutunza wagonjwa, akichechemea juu ya muguu mumoja ambao jiwe liliuponda wakati wa tetemeko la ardhi. Kiongozi wa pale alipokufa, ndipo yeye akashika nafasi.

Alichokikuta hakikuwa cha kumufurahisha mutu. Waismailia wa Siria walikuwa wachache, wamejibana kwenyi milima na ngome zao kama kumi hivi. Upande wa bahari kulikuwa Wazungu wa vita vya musalaba. Upande wa bara kulikuwa watawala Wasuni waliowahesabu Waismailia kuwa wapotovu wa dini. Tena kila mwaka walipaswa kuwalipa Watempla, wale watawa wa Kizungu wenyi kubeba silaha, vipande 2000 vya zahabu ili waachwe kwa amani. Mutu yeyote aliyeishi kijijini kati ya majeshi mawili anajua hesabu hiyo ni ya namna gani.

Jeshi la kupigana uwanjani Sinan hakuwa nalo. Alikuwa na fidai, vijana waliokubali kufa, wenyi kujua lugha na desturi za adui, wanaoweza kukaa karibu na mukubwa hadi siku ya kisu ifike. Ni uuaji, na hakuna sababu ya kuupamba kama muchezo unavyoupamba. Lakini hesabu yake ilikuwa wazi: kumuua mukubwa mumoja kuliwagharimu watu wachache kuliko vita moja.

Aliyepimwa zaidi kwa kisu hicho ni Salah ad-Din, ambaye Wazungu wanamuita Saladin, aliyekuwa anakusanya Siria yote chini ya mukono wake. Mara ya kwanza ilikuwa alipozunguka muji wa Aleppo, kati ya mwisho wa 1174 na mwanzo wa 1175. Wauaji waliingia kambini, lakini amiri mumoja jirani wa ngome zao aliwatambua nyuso. Yeye akauawa, Saladin akapona. Mara ya pili ilikuwa tarehe 22 mwezi wa 5 mwaka 1176, kule Azaz. Safari hiyo walivaa kama askari wake mwenyewe. Kisu kilifika kichwani, na kama si chuma alichovaa chini ya kofia angekufa.

Mwezi wa 8 mwaka ule Saladin alikuja na jeshi hadi Masyaf kumaliza maneno. Kisha siku chache akaondoka. Hadithi inayopendwa ni kwamba aliamuka usiku akakuta jambia na barua ya vitisho karibu na kitanda. Ni tamu, lakini kuna maelezo mepesi zaidi: Wazungu walikuwa wanashambulia bonde la Bekaa, na mujomba wake, mutawala wa Hama, jirani wa Waismailia, aliomba mapatano. Kisha pale Sinan na Saladin hawakugusana tena.

Kwa Wazungu pia alitumia mazungumuzo kwanza. Mwaka 1173 alimutuma mujumbe kwa Mufalme Amalric wa Yerusalema kutafuta urafiki. Watempla, ambao urafiki huo ungewapotezea ile kodi, walimuua mujumbe njiani. Mufalme alikasirika, akamukamata muuaji, lakini mwaka uliofuata akafa na mupango ukafa naye.

Kazi iliyolipeleka jina lake Ulaya yote ilikuwa ya mwisho. Tarehe 28 mwezi wa 4 mwaka 1192, Conrad wa Montferrat, aliyekuwa amechaguliwa mufalme wa Yerusalema siku chache tu mbele, aliuawa njiani ndani ya muji wa Tyre na watu wawili waliojifanya watawa. Nani aliomba ile kazi? Wengine walimusonta Richard wa Uingereza, wengine Saladin. Ubishi haujaisha.

Sinan mwenyewe alikufa mwaka ule ao uliofuata. Hakuuawa na mwanafunzi.

Mengine yote waliongeza adui na wasafiri. Bangi waliyodai vijana wake walivuta ilikuwa tusi: ndilo lililozaa neno assassin, na wanahistoria wa leo hawaoni ushahidi wake. Bustani ya paradiso ni hadithi ya Marco Polo, aliyepita Uajemi miaka mingi kisha Alamut kuanguka mikononi mwa Wamongolia mwaka 1256.

Ngome za Siria nazo zilikamatwa na Sultani Baybars wa Misri, ya mwisho mwaka 1273. Lakini Waismailia hawakuisha. Leo kiongozi wao ni Aga Khan, jina linalojulikana Nairobi na Dar es Salaam juu ya mahospitali yake, na ni shirika lake lililotengeneza upya kuta za Masyaf miaka ya 2000.