Obama Mzee: Komredi Aliyewika Hawaii, Harvard Ikamtimua Bila PhD

Wengi wetu tunamjua Barack Obama Senior kama buda wa rais wa 44 wa Marekani, basi. Lakini kabla ya hayo yote jamaa alikuwa komredi kama wewe tu: doo kidogo, mdomo mkubwa na kichwa kinachochemka.

Safari yake ya campo haikuanza poa. Maseno aliondoka bila kumaliza, akaishia Nairobi kwa mboka ya ukarani. Huko akakutana na Elizabeth Mooney, Mmarekani aliyekuwa anafunza watu wazima kusoma na kuandika. Mama huyo aliona msee ana akili, akamsaidia kutafuta chuo na pesa. Na hapa watu huchanganya mambo. Ni kweli 1959 ndiyo mwaka ile ndege ya kwanza ya wanafunzi wa Tom Mboya ilipaa, lakini Obama hakuwa ndani. Alipitia njia yake.

Akatua University of Hawaii mwezi wa tisa, mwanafunzi wa kwanza kutoka Afrika pale. Hebu fikiria, Mjaluo wa Kogelo kwenye visiwa katikati ya Pasifiki, na Hawaii yenyewe ilikuwa imefanywa jimbo la Marekani mwezi mmoja tu nyuma. Magazeti ya Honolulu yakamwandika. Sauti nzito, kiko mdomoni, mavazi ya heshima. Jioni alikuwa na mbogi yake ya kupiga bia na kubishana siasa mpaka usiku. Mmoja wao, Neil Abercrombie, baadaye alikuja kuwa gavana wa Hawaii. Ukibishana na Obama ulikuwa unajua umepatikana.

1960, darasa la Kirusi, akakutana na mrembo wa miaka 17, Ann Dunham. Shida ni kwamba nyumbani alikuwa ameacha mke, Kezia, akiwa na mimba ya mtoto wa pili. Ann aliambiwa hiyo ndoa ilishakwisha. Hapo sitamtetea mzee. Walioana Februari 1961, na Agosti 4 akazaliwa Barack mdogo.

Kwa vitabu lakini, jamaa alikuwa noma. Digrii ya uchumi aliimaliza kwa miaka mitatu, 1962, na akaingizwa Phi Beta Kappa, chama cha vichwa vya vyuo vya Marekani. New School ya New York ilikuwa tayari kumlipia kila kitu, familia ikiwemo. Harvard ilitoa karo tu. Akachagua Harvard, akaenda solo. Mtoto alikuwa hajafika hata mwaka mmoja.

Harvard alipita mitihani mikubwa ya PhD, ikabaki thesis. Kumbe wakubwa wa chuo na watu wa uhamiaji walikuwa wanaandikiana barua juu yake. Maisha yake na wanawake yaliwasumbua kuliko alama zake. 1964 akaambiwa pesa zimeisha, aende akaandikie thesis Kenya. Viza haikuongezwa. Faili za uhamiaji zilizofunguliwa miaka mingi baadaye ndizo zilianika hiyo mipango yote.

Akarudi Nairobi na akawa anajiita daktari, ingawa hiyo karatasi hakuwahi kuipata. Akili bado ilikuwa moto: 1965 aliandika makala kukosoa sera ya uchumi ya serikali ya Kenyatta, wakati wenzake walikuwa wanakula kimya. 1969, Mboya alipouawa, alisimama kortini kama shahidi. Baada ya hapo mambo yakaenda mrama, kazi zikapotea, pombe ikazidi.

Krismasi ya 1971 alirudi Honolulu kumwona kijana wake, aliyekuwa na miaka 10. Hawakuonana tena. Novemba 1982 Obama alikufa kwa ajali ya gari hapa Nairobi.

1988 kijana huyo akaingia Harvard hiyo hiyo kusomea sheria. 1991 akatoka na karatasi yake mkononi.