Akii-Bua na paja langu

Mwaka wa kwanza nilichanika msuli wa nyuma ya paja nikiwa kwenye mita 100, kama mtu kanipiga jiwe kwa nyuma. Kwetu Tarime tulizoea kuteremka vilima huku tunarusha mguu mbali, tukidhani hatua ndefu ndiyo mbio. Kumbe mguu ukitua mbali mbele ya mwili, na nyonga imeinamia mbele, msuli ule unavutwa wakati huohuo unajikaza kuuzuia mguu. Hapo ndipo unapochanika.

Nikiwa nauguza paja nikaanza kumsoma John Akii-Bua. Jamaa alizaliwa 1949 huko Lango, kaskazini mwa Uganda, akawa polisi Kampala. Kocha wake, Mwingereza Malcolm Arnold, alimtoa kwenye viunzi vya mbio fupi akampeleka mita 400. Humo kuna viunzi 10, kila kimoja karibu sentimita 91, na mita 35 katikati. Ukichoka, hatua zinafupika. Mwenye mguu mmoja tu wa kutangulizia ana mawili: ajinyooshe kukifikia kiunzi, paja liumie, au aongeze hatua mbili apoteze muda. Akii-Bua aliruka kwa mguu wowote, hivyo aliongeza hatua moja tu. Nilirudia sehemu hiyo mara tatu, maana mimi ndiye yule wa kujinyoosha.

Munich, 1972, alipewa njia ya kwanza, yenye kona kali kuliko zote. Alimaliza kwa sekunde 47.82, mtu wa kwanza duniani kushuka chini ya 48, na dhahabu ya kwanza ya Uganda kwenye Olimpiki. Montreal 1976 hakukimbia, kwa sababu nchi nyingi za Afrika ziligoma. Mwaka 1979, utawala wa Amin ukianguka mbele ya jeshi letu, alikimbilia Kenya na familia kama mkimbizi, kisha Ujerumani. Baadaye alirudi kwao. Alifariki Kampala 1997, miaka 47 tu.

Sasa niko fildi Mugumu, Serengeti. Kuna binti wa kidato cha pili ana mbio kweli, lakini anaruka kwa mguu wa kulia tu, na ameanza kulalamikia paja. Tumechonga viunzi vya miti, vifupi, nikamwambia ajaribu wa kushoto. Jana aliangusha vinne kati ya sita. Leo vitatu.