Pierre Martin: Mfaransa aliyegeuza vyuma vikuukuu kuwa mali

Hadi katikati ya karne ya 19, ilikuwa vigumu mno kuyeyusha reli zilizochakaa na mabaki ya viwandani ili kutengeneza feleji, yaani chuma kigumu cha kujengea na kuundia mashine. Aliyeondoa kikwazo hicho ni Mfaransa Pierre-Émile Martin, ambaye uvumbuzi wake uliwatajirisha wengi huku yeye mwenyewe akiambulia umaskini.

Martin alizaliwa Agosti 18, 1824 mjini Bourges. Babake, Émile Martin, alimiliki viwanda vya chuma, naye mwana akasimamia kile cha Sireuil, kusini magharibi mwa Ufaransa.

Mbinu iliyovuma enzi hizo ni ile ya Mwingereza Henry Bessemer ya mwaka 1856, ya kupuliza hewa ndani ya chuma kilichoyeyuka. Ilifanya kazi upesi, ila joto lake lilitosha kuyeyusha vyuma vikuukuu vichache tu. Ndugu wawili Wajerumani, William na Friedrich Siemens, nao walikuwa wamebuni tanuri lililonasa joto la moshi katika matofali, kisha kulirudisha motoni kupitia hewa iliyoingia.

Martin alitumia tanuri hilo mnamo 1865. Aliyeyusha chuma ghafi, ambacho huvunjika upesi kwa sababu ya wingi wa kaboni, kisha akatia vyuma vikuukuu vyenye kaboni kidogo. Mchanganyiko huo ukazaa feleji safi.

Hata hivyo, washindani walipinga hataza zake mahakamani. Kesi zilimfilisi, akajitenga na biashara. Wakati huo huo, tanuri la Siemens-Martin lilienea duniani, na kufikia 1908 lilikuwa limeipiku mbinu ya Bessemer nchini Marekani.

Alipokuwa na zaidi ya miaka 80, wenye viwanda vya chuma walimkumbuka, wakamchangia fedha. Mnamo 1915 alitunukiwa nishani ya dhahabu, tena yenye jina la Bessemer. Alifariki Mei 23 mwaka huo huo mjini Fourchambault, akiwa na miaka 90.

Leo matanuri ya umeme, ambayo yanaweza kutumia vyuma vikuukuu pekee, yamechukua mahali pa lile la Martin. Kila tani ya vyuma hivyo huokoa takriban tani 1.4 za mawe ya chuma ambayo yangechimbwa ardhini.