Bushiri bin Salim na forodha iliyouzwa bila wenyewe kuulizwa

Ukivuka mpaka wa Lungalunga ukaipita Tanga, safari ya kufika Pangani si ndefu. Ni mji mdogo kando ya mto, na huko ndiko alikonyongwa mtu ambaye naona sisi wa pwani ya Kenya tunamtaja kidogo mno: Bushiri bin Salim. Wadachi waliviita vita vyake uasi wa Waarabu, na kwa kuwa baba yake alikuwa Mwarabu wa Alharthi, wengi waliridhika na jina hilo. Mimi silikubali. Mama yake alikuwa Muoromo, yeye mwenyewe alikuwa mtu wa Mrima, na waliopigana katika vita hivyo walikuwa majumbe wa Kiswahili, Wazigua, wapagazi waliotoka bara, na watu wasiokuwa na shamba wala jahazi.

Wala simfanyi walii. Alikuwa mfanyabiashara wa misafara na mwenye shamba la miwa, na miwa ya Pangani siku hizo ililimwa na watumwa. Pia hakuwa mtu wa Sultani. Alharthi walikuwa na kisa cha zamani na ukoo wa Busaidi: mwaka 1859 walimuunga mkono Barghash alipotaka kumpindua nduguye Majid, wakashindwa. Bushiri aliishi Pangani akiwa na kinyongo chake, mbali na jumba la Unguja. Kwa hivyo mtu asidhani alishika silaha kwa mapenzi ya Sultani.

Mambo yaliharibika mwaka 1888. Barghash alifariki mwezi wa Machi, na tarehe 28 Aprili Khalifa, aliyemrithi, akatia sahihi mkataba wa kuikodisha Kampuni ya Kidachi ya Afrika Mashariki Mrima wote, kutoka mto Umba hadi Ruvuma, kwa miaka 50. Kampuni ikapewa forodha, haki ya kutoza kodi, kusimamia hukumu, na kuchukua ardhi isiyokuwa na mwenyewe. Hebu fikiri, msomaji, maneno hayo ya mwisho yana maana gani katika pwani ambayo shamba la mtu hujulikana kwa minazi aliyopanda babu yake na kwa ushahidi wa majirani. Karatasi ataitoa wapi?

Watu wa Mrima walikuwa wamezoea kulipa. Pembe ilitozwa ushuru, nazi zilitozwa, na msafara haukupita bila jumbe kupata fungu lake. Lakini kila mmoja alijua analipa nani, na akidhulumiwa ampelekee nani malalamiko yake. Ilikuwa dhuluma iliyozoeleka, na nafikiri hilo ni jambo kubwa kuliko kiwango cha ushuru wenyewe. Kampuni ilikuja kukata fungu la jumbe, kumfanya liwali karani wake, na kuwataka watu wamwamini mgeni kwa kuwa tu ameonyesha barua ya Unguja.

Mwezi wa Agosti Emil von Zelewski alifika Pangani kushika kazi, akataka bendera ya kampuni ipandishwe pamoja na ya Sultani. Liwali Abdulgawi bin Abdallah alikataa. Zelewski akaomba askari wa manowari washuke pwani. Siku zenyewe zilikuwa za Idd kubwa, na mji ukapata habari ya Wadachi kuingia msikitini na mbwa. Hapo hata aliyekuwa hana mzigo wa kupitisha forodhani alikuwa na la kusema. Mwezi wa Septemba watu wa Pangani wakamfungia Zelewski ndani ya nyumba.

Sultani alimtuma jemadari wake Mwingereza, Lloyd Mathews, aje kutuliza. Mathews aliwatoa Wadachi kwa salama, kisha akataka mji umtii yeye. Mji ukakataa. Kwangu mimi hapa ndipo malalamiko yalipogeuka kuwa mapinduzi. Mwezi mmoja nyuma watu waliitetea bendera ya Sultani dhidi ya kampuni. Sasa walisema aliyeuza nchi hana amri juu yake. Jambo hili Bushiri alilijua tangu zamani, na ndiyo maana uongozi ulimwendea yeye, si liwali.

Katika majuma machache kampuni ilifukuzwa karibu kila mji. Kilwa wafanyakazi wake wawili waliuawa. Ikabaki Bagamoyo na Dar es Salaam tu. Bushiri aliwakamata wasafiri Hans Meyer na Oscar Baumann walipokuwa wakirudi kutoka Usambara, akawaachia kwa rupia 10,000. Wamisionari wa Kifaransa wa Bagamoyo hakuwagusa.

Na Mombasa je? Kampuni ya Kiingereza ilikuwa imepewa pwani yetu kwa mkataba wa namna hiyohiyo mwaka 1887. Mkuu wake, George Mackenzie, alifika mwezi wa Oktoba 1888 Mrima ukiwaka moto, akaona. Haraka alitoa fedha kuwalipa mabwana wa watumwa zaidi ya 1,400 waliokimbilia Rabai na misheni nyingine. Kwa hiyo palitulia, kwa muda. Mwaka 1895 Mbaruk bin Rashid wa Gasi alipoinuka, kampuni ilikuwa imeshaondoka na Serikali ya Kiingereza imeshika mahali pake.

Bushiri hakupata nafasi ya kununuliwa namna hiyo. Bunge la Ujerumani lilitoa marki milioni 2, na Hermann Wissmann akaja na askari wa Kisudani waliokusanywa Cairo. Tarehe 8 Mei 1889 waliivunja ngome yake karibu na Bagamoyo. Mwezi wa Julai Pangani ikatekwa. Yeye alikuwa ameshakimbilia bara, akapiga kituo cha kampuni Mpwapwa, akarudi na maelfu ya Wamaviti, lakini hao walipora vijiji walivyopitia, na wenye vijiji wakamchukia yeye. Mwezi wa Desemba, kichwa chake kikiwa kimetiwa bei, jumbe mmoja aitwaye Magaya alimkamata na kumtoa. Alinyongwa Pangani tarehe 15 Desemba 1889. Bwana Heri wa Saadani aliendelea hadi Aprili 1890, naye akasalimu amri.

Tarehe 1 Januari 1891 serikali ya Ujerumani iliipokonya kampuni utawala wa nchi. Miaka michache baadaye ikaleta kodi ya nyumba, na mwaka 1905 kusini kukaanza Majimaji.