Umar bin Abdulaziz: Khalifa Aliyeondoa Laana Mimbarini

Kila Ijumaa, khatibu anapokaribia kushuka mimbarini, tunamsikia akisoma aya ya 90 ya Suratun-Nahl, inayoamrisha uadilifu na ihsani na kukataza dhulma. Wengi wetu tumeihifadhi tangu tuko chuoni. Lakini je, tumewahi kuwaeleza watoto wetu iliingiaje katika khutba?

Baada ya kuuliwa Sayyidna Uthman mwaka 35 Hijria, Waislamu waligombana juu ya utawala na kisasi cha damu yake. Mwaka 37 wakapigana Siffin, na hapo wakachomoza Khawarij. Ugomvi ule ulikuwa wa siasa. Swala, kibla na Qur'ani vilikuwa vimoja. Lakini ulipopandishwa mimbarini ukageuka kuwa dini. Wanahistoria wamepokea kwamba katika utawala wa Bani Umayya, Sayyidna Ali (r.a.) alikuwa akitukanwa katika khutba kwa miaka mingi. Watoto wakakua wakiisikia chuki ile pamoja na ibada yao.

Mmoja wao alikuwa Umar bin Abdulaziz. Baba yake alikuwa liwali wa Misri, na mama yake alikuwa mjukuu wa Sayyidna Umar bin al-Khattab. Alisomeshwa Madina na Ubaydullah bin Abdillah, miongoni mwa mafakihi saba wa mji huo. Imepokewa kuwa mwalimu alipata habari kwamba kijana wake anamsema vibaya Sayyidna Ali. Hakumpiga wala hakumfukuza. Alimuuliza tu amejua lini kwamba Allah amewakasirikia watu wa Badri baada ya kuwaridhia. Umar akafahamu, akaomba msamaha, na hakurudia tena.

Mwaka 99 Hijria (717) akawa khalifa. Akawaandikia maliwali wake wote waache matusi yale, na mahali pake isomwe aya ile ya Suratun-Nahl. Hakuweka matusi ya upande wa pili kulipiza. Shamba la Fadak, ambalo kizazi cha Bibi Fatma kilikuwa kikilidai, akalirejesha kwao, ingawa jamaa zake hawakupenda.

Khawarij walipoinuka Iraq chini ya Shawdhab, alimuamrisha liwali wake asiwapige maadamu hawajamwaga damu wala kufanya ufisadi. Akamuandikia kiongozi wao alete watu wajadiliane. Wakaja wawili, wakakaa naye, wakamuuliza maswali mazito, naye akawasikiliza na kuwajibu.

Alifariki mwezi wa Rajab mwaka 101 Hijria (720), akiwa hajatimiza miaka mitatu madarakani. Waliomfuata wakairejesha Fadak mikononi mwa dola, na vita na Khawarij vikaendelea. Mwaka 132 dola ya Bani Umayya ikaanguka. Aya ikabaki mimbarini.

Ndugu zetu, leo tumeona Iraq, Syria na Yemen wanasiasa wakitumia majina ya madhehebu kukusanya wapiganaji, na waliokufa wengi ni watu ambao jana walikuwa majirani na wakwe. Visiwani kwetu Mashafii, Maibadhi na Mashia wameishi mtaa mmoja, wakazikana na kupongezana Idi. Hilo halitulazimishi kusema hakuna tofauti. Zipo, na wanavyuoni wanazijadili kwa dalili. Lakini kujadili si kulaani. Mwenye kusambaza kwenye simu yake maneno ya kuwakufurisha watu wa kibla ajiulize anamsomesha nini mtoto aliyekaa pembeni yake.

Basi Ijumaa ijayo, mkirudi msikitini, waulizeni watoto kama wameisikia aya ile, kisha waelezeni kisa chake.

Tunamuomba Allah amrehemu Umar bin Abdulaziz, aziunganishe nyoyo zetu na atulinde na fitna. Amin.