Adrian Atiman: Mgeni Aliyekuja, Wenyeji Wakapona

Wahenga walisema, mgeni njoo mwenyeji apone. Methali hiyo twaitamka kila siku, na mara nyingi twaitamka mgeni akiwa na kitu mkononi. Lakini wako watu wachache ambao maneno hayo yalitimia kwao neno kwa neno: walifika wageni, na wenyeji wakapona. Mmoja wao ni tabibu Adrian Atiman wa Karema, aliyefariki mwaka 1956 akiwa mzee wa miaka ipatayo 90. Leo twapenda kuwasimulia wasomaji wetu maisha yake, na pamoja nayo habari za kisiwa cha Malta, kilicho katikati ya Bahari ya Mediterania, maana huko ndiko alikojifunza kazi yake.

Ili kumwelewa mtu huyu, tuanze hapa nyumbani. Mtu afikaye Lyulilo kwa mara ya kwanza huyaona maji ya Nyasa, milima ya Livingstone iliyosimama ukingoni mwa ziwa, na vyungu vya Wakisi vilivyopangwa kwa mamia siku ya gulio. Husema kwamba nchi hii ni nzuri, naye hasemi uongo. Lakini mwenyeji hutazama wingu lililo juu ya mlima, akajua kama mitumbwi iliyojaa vyungu kutoka Ikombe itafika salama. Hukigonga chungu kwa kidole, akasikia kama kilichomwa kikaiva au kina ufa. Mgeni huona yale ambayo mwenyeji ameacha kuyaona kwa kuyazoea. Mwenyeji hujua yale ambayo mgeni hawezi kuyajua kwa siku mbili. Atakaye kuijua nchi kweli hana budi kuwa na macho ya wote wawili, na macho hayo Atiman alikuwa nayo.

Alizaliwa yapata mwaka 1866 huko Tundurma, kando ya Mto Niger, karibu na Timbuktu, katika nchi iitwayo leo Mali. Akingali mtoto mdogo alitekwa na Watuareg, watu wa jangwani, akavushwa jangwa la Sahara hata Metlili katika Algeria, akauzwa huko kama mbuzi auzwavyo mnadani. Katika miaka ya 1870 mapadre wa shirika la Wamisionari wa Afrika, ambao watu wetu walizoea kuwaita Mapadre Weupe, walimkomboa kwa fedha, wakamlea na kumsomesha. Mambo hayo Atiman aliyaeleza mwenyewe katika habari za maisha yake, zilizochapishwa mwaka 1946 katika jarida la Tanganyika Notes and Records.

Mwanzilishi wa shirika hilo alikuwa Kardinali Charles Lavigerie, Askofu Mkuu wa Algiers. Yeye alikuwa na shauri ambalo wengi wa wakati wake hawakulitarajia. Aliona kwamba Mzungu afikaye bara ya Afrika hubaki mgeni siku zote, na mara nyingi hufa kwa homa kabla ya kuijua lugha. Basi akaamua kuwatwaa vijana Waafrika waliokombolewa utumwani, wafundishwe utabibu kwa ukamilifu, kisha warudi barani wakaishi na watu, wakila chakula cha watu na kulala katika nyumba kama zao. Hakutaka wageuke Wazungu weusi. Tena aliona kwamba mtu aponyaye hufunguliwa mlango ambao mwingine hawezi kufunguliwa. Kwa ajili hiyo mwaka 1881 alifungua nyumba ya vijana hao kisiwani Malta, na Atiman akawa mmoja wao. Alikaa huko hata mwaka 1888, akisoma utabibu katika Chuo Kikuu cha Malta.

Kwa nini Malta? Tukitazama ramani, twaona kisiwa kidogo sana baina ya Sicily na pwani ya Afrika. Urefu wake haufiki kilometa 30. Hakina mto hata mmoja wala ziwa. Mvua hunyesha wakati wa baridi, na maji yake tangu zamani hukusanywa katika visima vilivyochongwa ndani ya mwamba. Sisi wa Kyela, ambao mvua hutunyeshea hata tukaichoka, twaweza kushangaa jinsi watu wanavyolima huko: vijishamba vidogo vilivyozungushiwa kuta za mawe, ili upepo na maji visichukue udongo ule haba. Nyumba, makanisa na ngome zote ni za jiwe la rangi ya manjano lililochimbwa papo hapo. Wasafiri wa zamani, waliotia nanga katika bandari ya Valletta, walizisifu ngome na makanisa. Wenyeji walisifu kisima chenye maji mwezi wa Agosti.

Jambo lililowafaa zaidi vijana wale lilikuwa lugha. Wamalta ni Wakatoliki tangu karne nyingi, lakini lugha yao ni ndugu ya Kiarabu, kwa kuwa Waarabu walikitawala kisiwa hicho zamani. Mungu humwita Alla, na Kwaresima huiita Randan. Mswahili akiwasikia wakihesabu atashtuka, maana sita kwao ni sitta, na elfu kwao ni elf. Vijana waliotoka Algeria walikuta huko watu wa Ulaya wasemao maneno waliyoyazoea sokoni, tena wakiyatumia kanisani. Hivyo waliweza kuona kwa macho yao kwamba imani haikufungwa katika lugha moja wala katika rangi moja.

Kisiwa hicho kilikuwa pia na historia yake ya aibu. Tangu mwaka 1530 hata 1798 kilitawaliwa na watawa askari wa Shirika la Mtakatifu Yohane. Watu hao walijenga hospitali kubwa iliyosifiwa Ulaya nzima, hata wagonjwa walilishwa kwa vyombo vya fedha. Lakini watu hao hao waliteka watu baharini, wakawafunga minyororo kwenye makasia ya merikebu zao, na kuwauza wengine. Utumwa huko ulikomeshwa mwaka 1798, Napoleon alipokitwaa kisiwa. Miaka 83 baadaye, mtoto aliyeuzwa Metlili aliingia katika kisiwa hicho kusomea utabibu. Twayasema hayo bila kuficha, kwa sababu dhambi ya kuuza watu haikuwa ya taifa moja wala ya dini moja.

Malta inajulikana kwa Wakristo wote kwa sababu ya mgeni mwingine wa kale zaidi. Kitabu cha Matendo ya Mitume kinasimulia jinsi Mtakatifu Paulo, akipelekwa Roma kama mfungwa, alivyovunjikiwa merikebu hapo pamoja na watu wengine, jumla yao 276. Wenyeji waliwapokea kwa wema, wakawawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Nyoka alipomwuma Paulo mkononi, walidhani kwamba ni mwuaji anayeadhibiwa. Walipoona hakufa, walibadili mawazo, wakasema ni mungu. Walikosa mara mbili, kwa kuwa hakuwa mwuaji wala mungu, bali mtu. Kisha mtu huyo alimponya baba wa mkubwa wa kisiwa, aliyeshikwa na homa na kuhara damu, na wagonjwa wengine wakaja. Atiman aliishi miaka saba mahali ambapo kila mtoto huijua habari hiyo.

Yako mambo mengine ya Malta ya miaka ile ile yanayotuonyesha jinsi macho ya mgeni na ya mwenyeji yanavyohitajiana. Askari wa Kiingereza waliokaa kisiwani walisumbuliwa na homa ya ajabu, iliyokuja na kuondoka kwa miezi mingi, ikaitwa homa ya Malta. Mwaka 1887, Atiman angali mwanafunzi huko, tabibu wa jeshi David Bruce aliona kijidudu cha homa hiyo katika wengu la askari waliokufa. Jambo kubwa lilikuwa limejulikana, lakini hakuna aliyejua kijidudu kinatoka wapi. Miaka 18 ilipita. Mwaka 1905 Themistocles Zammit, Mmalta aliyesomea utabibu katika chuo kile kile, alikikuta katika damu ya mbuzi. Mbuzi wale walipitishwa mitaani kila asubuhi, wakakamuliwa mlangoni pa mnunuzi, nao walionekana wazima kabisa. Mwaka uliofuata askari walikatazwa maziwa ya mbuzi, na homa ikapungua upesi. Mgeni aliona kijidudu; mwenyeji akamwona mbuzi. Kama mmoja angekosekana, watu wangaliendelea kufa. Na wafugaji wetu wasisahau kwamba ugonjwa huo uko hata kwetu, nao huwapata wanywao maziwa yasiyochemshwa.

Mwaka 1888 Atiman alimaliza masomo, akaondoka Malta. Alipitia Zanzibar, akaingia bara kwa miguu pamoja na msafara wa wamisionari, katika mwaka ule ule ambao pwani iliingia katika vita vya Abushiri. Mwaka 1889 alifika Karema, ufukoni mwa mashariki mwa Ziwa Tanganyika, katika nchi iliyo leo Mkoa wa Katavi. Alikuwa kijana wa miaka kama 23. Hakuwa na ndugu, wala hakuijua lugha ya Wabende wala ya Wafipa. Ngozi yake ilikuwa kama yao, lakini alikuwa mgeni kwao kama Mzungu yeyote, kwa maana kwao kulikuwa mbali kupita hata pwani. Aliikuta nchi inayoliwa na biashara ya watumwa, wakati Kapteni Léopold Joubert, aliyewahi kuwa askari wa Papa, akiwalinda watu kwa silaha ng'ambo ya ziwa. Atiman alijua kwa mwili wake mwenyewe hofu waliyokuwa nayo watoto waliokimbilia misioni.

Hakuondoka tena. Miaka 67 aliwatibu watu wa Karema na vijiji vilivyoizunguka, akawafundisha dini pia, maana alikuwa katekista pamoja na kuwa tabibu. Aliwafunga waliojeruhiwa, akawatibu wenye homa na vidonda. Mwanzoni mwa karne ya 20 malale yaliingia katika fuko za Ziwa Tanganyika, yakaua wengi. Na ni yule yule Bruce wa Malta ambaye, mwaka 1903 huko Uganda, alithibitisha pamoja na wenzake kwamba mbung'o ndiye aenezaye ugonjwa huo. Elimu iliyoanzia visiwani mwa mbali ilikuwa inamfuata Atiman hata kwenye maziwa yetu.

Hata sisi wa Nyasa tuna sehemu ndogo katika habari hii. Askofu Adolphe Lechaptois, aliyeongoza misioni za Tanganyika tangu 1891 hata alipofariki mwaka 1917, alianza kazi yake katika nchi hizi kwa Mponda, kusini mwa ziwa letu, mwaka 1889, kabla ya kuhamia Mambwe, baina ya Nyasa na Tanganyika. Chini ya askofu huyo Atiman alifanya kazi zaidi ya robo karne.

Atiman alioa kwa watu aliowatibu. Mke wake, Agnes, alikuwa binti wa mtemi wa Wabende, na mwana wao Yosefu akawa padre. Hapo ndipo twaona jinsi mgeni anavyogeuka mwenyeji. Haikutosha kuwa na dawa, wala hati ya Chuo Kikuu. Alikaa, akaoa, akazaa, akazika na kuzikiwa. Aliona utawala wa Wajerumani ukija na kwenda, akaona wa Waingereza ukija, naye akafariki miaka mitano kabla ya Uhuru. Alizikwa Karema. Leo hospitali ya Sumbawanga inaitwa kwa jina lake, na wagonjwa wengi waingiao humo hawajui kwamba jina hilo lilitoka kando ya Mto Niger.

Yafaa basi sisi tukaao kando ya ziwa tujiulize swali moja. Kila mwaka waganga na wauguzi, wakunga na walimu, hupelekwa katika vijiji vya ufukoni kutoka mikoa mingine. Baadhi yao huandika barua ya kuomba uhamisho kabla ya kufungua sanduku. Husema watu wa huku ni wagumu, hawasemi kweli, huanza kwa mganga wa kienyeji na kuja hospitalini wakiwa mahututi. Sisi nasi husema kwamba wageni hao wana dharau. Pande zote mbili huenda zina sababu. Wagonjwa ndio wanaolipa gharama ya ugomvi huo.

Kwa mgeni twasema: mfano wa Atiman unakuhusu. Jifunze majina ya magonjwa katika lugha ya watu, uulize wanakula nini na maji wanateka wapi, na ukumbuke kwamba kwa elimu yako unaweza kuona kijidudu miaka 18 bila kumwona mbuzi apitaye mlangoni. Kwa mwenyeji twasema: usimhukumu mgeni kwa siku ya kwanza, wala usimfanye mungu. Mtafutie nyumba isiyovuja, umfundishe lugha, umweleze bila kuficha ulichokunywa na ulichopaka kabla ya kumwendea. Methali ina sehemu mbili, na watu hupenda kukumbuka ya pili tu. Mgeni hana budi kuja kweli, yaani kuja akakae. Ndipo mwenyeji atakapopona.