Philly Lutaaya, Mtu Aliyekataa Kuficha Ugonjwa

Safari hii tunayatazama maisha ya Philly Bongoley Lutaaya, mwanamuziki wa Uganda.

Alizaliwa tarehe 19 Oktoba 1951. Alianza kuimba angali kijana, na katika miaka ya 1980 akahamia Sweden, akakaa Stockholm. Huko alirekodi nyimbo zilizompatia sifa kubwa kwao. Zile za Krismasi hupigwa Uganda kila Desemba hata leo.

Mwaka 1989 alitangaza hadharani kwamba ana virusi vya UKIMWI. Nchini Uganda hapakuwa bado na mtu mwenye jina kubwa aliyethubutu kufanya hivyo. Siku zile wagonjwa wengi walifichwa vyumba vya uani, na majirani waliogopa hata kikombe walichonywea. Wapo waliomkanusha wakisema anatafuta fedha. Yeye alizunguka mashuleni na makanisani, mwili ukizidi kukonda, akiwaonya vijana na kuwasihi watu wasiwatupe wagonjwa. Alitunga pia wimbo juu ya upweke na hofu ya mgonjwa. Alifariki tarehe 15 Desemba 1989, mwenye umri wa miaka 38.

Sala zilikuwapo siku za Lutaaya. Dawa ya kumwokoa haikuwapo. Mchanganyiko wa dawa unaofubaza virusi barabara ulipatikana mwaka 1996, na hapa Tanzania ulianza kutolewa bure mwaka 2004. Leo mgonjwa wa Temeke au Kinondoni anaweza kuvipata vyote viwili: sala za waumini wenzake, na vidonge vya kliniki katika hospitali ya Temeke au Mwananyamala. Avimezaye kila siku huishi miaka mingi. Na virusi vikishuka hata visionekane katika kipimo, hamwambukizi mwenzi wake kwa kujamiiana.

Kwa hiyo inatuhuzunisha mtu anapoombewa, akaambiwa amepona, akatupa vidonge. Kujisikia nafuu si kupona. Virusi hujificha mwilini, na dawa ikiachwa huzaliana upya. Sala humpa mgonjwa moyo wa kumeza dawa yake leo na kesho, haishindani nayo. Tena mtu anayepokelewa vema kanisani hana haja ya kuficha vidonge vyake, wala ya kuruka siku ya kliniki kwa kuogopa kuonekana.

Basi ndugu zetu, tumwombee mgonjwa, kisha tumwulize kwa upole kama dawa zake zimemtosha mwezi huu.